Jurisprudensi: swali la haki limo ndani au liko nje?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya jurisprudensi, kila mmoja akiwa na jambo lake kichwani. Wa kwanza anakusudia mfululizo wa hukumu za mahakama kuhusu suala fulani, kama walivyozoea Wafaransa. Wa pili anakusudia falsafa ya sheria: sheria ni nini, na inapata wapi nguvu ya kutufunga. Ile ya kwanza haina neno, ingawa ukisema "maamuzi ya mahakama" utaeleweka upesi zaidi.

Ninaowapinga ni wale wanaoshikilia kwamba jurisprudensi inaishia kwenye kuichambua sheria kama ilivyo, na kwamba anayeuliza kama ni ya haki amevuka na kuingia kwenye siasa au dini. Mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotolewa kwa amri ya Mfalme Justinian mwaka 533 unamnukuu Ulpian, mwanasheria wa Kirumi, akiieleza jurisprudensi kuwa ujuzi wa mambo ya kimungu na ya kibinadamu, elimu ya lililo haki na lisilo haki. Aliyeipunguza ni Mwingereza John Austin, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1832. Kwake sheria ni amri ya mwenye mamlaka ya juu, inayolindwa kwa adhabu. Kama ni njema au mbaya, hilo aliliweka kwenye elimu nyingine, ya utungaji wa sheria. Lakini Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza ambaye Austin alifuata fikra zake, alikuwa ameigawa jurisprudensi mafungu mawili: inayoieleza sheria ilivyo, na inayoikosoa kwa kuonyesha inavyopaswa kuwa. Mafungu yote mawili aliyaita jurisprudensi. Kwa nini sisi tulitupe la pili?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, kwa heshima zote, humtendei Austin haki. Hakusema haki ni upuuzi. Alisema kuwepo kwa sheria ni jambo moja, na ubora au ubaya wake ni jambo jingine. Mwanafalsafa wa sheria Mwingereza, H. L. A. Hart, aliutetea msimamo huo mwaka 1958 alipojibizana na mwenzake Mmarekani, Lon Fuller, na aliutetea kwa ajili ya raia: mtu aweze kusema, hii ni sheria kweli, lakini ni ovu mno na siitii. Ukiyachanganya mambo hayo mawili, mmoja ataamini kila sheria ni ya haki kwa kuwa tu ni sheria, na mwingine ataikataa yoyote asiyoipenda akidai si sheria. Akiwa huyo wa pili ni jaji, nani atamzuia?

Mchangiaji wa pili

Naongezea hapo. Hart hakuikwepa mifano migumu. Aliijadili kesi ya mwanamke wa Kijerumani aliyemshtaki mumewe kwa Wanazi mwaka 1944 kwa maneno aliyoyasema dhidi ya Hitler. Kama ni lazima mwanamke huyo aadhibiwe baada ya Wanazi kuanguka, alisema Hart, basi itungwe wazi sheria yenye nguvu ya kurudi nyuma, na ubaya wa kufanya hivyo ukubaliwe wazi. Mimi naona huo ndio ukweli.

Mleta mada

Ndugu zangu, hoja zenu ni nzito na hofu ya jaji anayejiamulia ni ya kweli. Ila angalieni nilichosema. Sikusema haki imo ndani ya maana ya sheria. Nilisema swali la haki limo ndani ya jurisprudensi. Hart alipopima kipi kiovu zaidi, kumwachia yule mwanamke au kumwadhibu kwa sheria ya baadaye, alikuwa akifanya kazi gani kama si jurisprudensi?

Kuhusu nani amzuie jaji, Gustav Radbruch alijibu mwaka 1946. Aliwahi kuwa waziri wa sheria wa Ujerumani, na Wanazi walipotwaa madaraka wakamfukuza chuo kikuu. Aliandika kwamba sheria iliyotungwa itawale hata ikiwa na kasoro, kwa kuwa watu wanahitaji uhakika. Ila mgongano wake na haki ukifikia kiwango kisichovumilika, sheria hiyo iipishe haki. Kizingiti hicho kiko juu sana, na kimewekwa juu makusudi.

Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilikitumia, pamoja na mikataba ya haki za binadamu, katika kesi ya walinzi wa mpaka waliomuua kwa risasi kijana aliyekuwa akiukwea Ukuta wa Berlin. Utetezi ulikuwa kwamba sheria ya Ujerumani Mashariki iliwaruhusu. Mahakama ikakataa, na hatia yao ikabaki.

Mnaweza kusema mahakama ilikosea, na ningependa kusikia sababu zenu. Lakini mtakapozitoa mtalazimika kupima haki dhidi ya uhakika, na kipimo hicho ndicho mnachotaka kukitoa nje ya somo. Mkishakitoa, atakayekaa kwenye kiti cha yule jaji mtamfundisha wapi kukitumia?