Mrejesho: mume wangu anayepigana usingizini

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu mume wangu aliyenipiga ngumi akiwa amelala, na kama angeweza kushtakiwa. Tumerudi Lamu juzi kutoka Mombasa kwa daktari wa neva. Si jini, wala si chuki. Mtu akiota, mwili hulegea. Wake haulegei, basi akiota anapigana na mtu, ngumi hutoka kweli na kunipata mimi niliye karibu. Nililia kusikia hivyo. Amepewa melatonini, homoni ya usingizi, na ataendelea kuangaliwa kwani maradhi haya ya kutenda ndoto huweza kutangulia Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka.

Wakili naye alinisomea kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya: mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lisilotokana na hiari yake. Kule Kanada, Kenneth Parks aliendesha gari usingizini mwaka 1987 akamuua mama mkwe wake, na akaachiliwa. Uingereza, kesi ya Burgess ya 1991, aliyemshambulia mwanamke akiwa usingizini, ikahesabiwa wazimu. Ila kifungu cha 9 hakifuti uzembe, na sisi sasa tunajua hatari, hivyo tusipojikinga tunaweza kuhesabiwa wazembe. Kwa hiyo panga limetoka chumbani, karatasi za daktari nimezihifadhi, yeye analala kwenye godoro chini, mimi na mtoto chumba cha pili.