Kumeza kamera ya tumbo: na sindano au macho wazi? Tupeane uzoefu

Dereva wa Kawangware
Habari za jioni jameni. Kiungulia kimenikalia tangu Januari. Nimemeza omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, mpaka watu wa duka la dawa wananijua kwa jina, na sasa daktari ameniandikia kamera ya tumbo, lile bomba lenye kamera linalopitishwa mdomoni, Alhamisi ijayo. Karani wa mapokezi aliniuliza swali moja tu, macho yake yako kwenye kompyuta: "Na sindano ya usingizi au bila?" Nikasema nitafikiria.

Shida ni hii. Naendesha teksi ya kuitwa kwa simu na gari si langu, mwenyewe hungoja pesa yake kila jioni. Nikidungwa nisishike usukani kwa saa 24, na lazima niwe na mtu wa kunirudisha nyumbani. Huyo mtu sina. Mke na watoto wako Kakamega, majirani zangu ni watu wa mjengo, kukicha wameshatoka. Lakini pia mimi mswaki tu ukigusa nyuma ya ulimi natapika. Waliopitia semeni ukweli. Ushujaa wa baa sitaki.

Mama Mitumba
Mimi bila, mwaka jana. Walinipulizia ganzi kooni, chungu ajabu, na baada ya dakika chache nikahisi koo limevimba, mate hayashuki. Hapo niliogopa kuliko kamera yenyewe, nikadhani nakabwa. Kumbe unameza vizuri, ni vile tu huhisi. Halafu unalazwa ubavu wa kushoto, unawekewa kitu cha plastiki katikati ya meno usije ukaling'ata bomba lao. Ni jembamba, kama kidole changu cha mwisho.

Pabaya ni mahali pamoja tu, linapopita kooni. Machozi, makamasi, kila kitu kilinitoka. Sista alikuwa ameniwekea mkono begani, "pumua na pua mama, mate yaache yamwagike." Hilo la mate ndilo lililoniokoa, maana nilikuwa nahangaika kuyameza kwa adabu, mtu mzima nisiloweshe shuka la watu. Wakanijaza hewa tumboni, nikateuka kama niliyekunywa kreti nzima ya soda. Dakika saba hivi, basi. Nikangoja ganzi iishe kabla ya kunywa chochote, na saa tano nilikuwa Gikomba nafungua mtumba.

Shemeji Mkarimu
Nilidungwa na nitadungwa tena. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani, nikaanza kumweleza mambo ya stima, na hiyo sentensi sijaimaliza mpaka leo. Nilijikuta kitanda kingine nyuma ya pazia, nikauliza kwa hasira tunaanza saa ngapi. Walishamaliza kitambo. Sista akamwambia mke wangu kwamba hata sikulala fofofo, nikiambiwa meza, nameza. Kwangu mimi ni kama kanda iliyofutwa.

Sasa ubaya wake. Daktari alikuja akanieleza matokeo, nikatikisa kichwa, hata swali la maana nikauliza. Ndivyo wanavyosema, mimi sikumbuki neno. Kama mke wangu hangekuwepo kusikiliza, ningerudi nyumbani bila kujua nina nini. Tena kabla ya jioni nilimtumia shemeji yangu shilingi elfu tatu kwa M-Pesa, mtu ambaye miaka yote namwambia sina. Kumwomba arudishe, akanijibu kwamba maombi yake yalikuwa ya muda mrefu. Mkidungwa, simu ashike mtu mwingine.

Dawa ya Babu
Mwarobaini asubuhi na jioni. Kamera ya nini?

Mama Mitumba
Babu, mwarobaini nilikunywa mwaka mzima. Kidonda kilikuwa kinanicheka.

Sista wa Zamu
Nimefanya kazi kwenye chumba hicho miaka kadhaa. Kwanza, hiyo sindano si nusu kaputi. Mara nyingi ni midazolamu, inakutuliza, unapumua mwenyewe, na inafuta kumbukumbu. Ndiyo maana Shemeji anadhani alilala. Kwingine hutumia propofoli, hiyo inalaza zaidi na inataka mtaalamu wa dawa za usingizi awepo. Kwa hivyo uliza ni ipi, na uliza ni nani atakayeangalia pumzi yako wakati daktari ana macho kwenye skrini. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni lazima kiwepo. Kina mama, rangi ya kucha mtoe, na zile za kubandika muache hata kidole kimoja kitupu.

Watu hutuficha mambo. Mnywaji wa kila siku, au anayemeza vidonge vya usingizi, dozi ya kawaida inaweza isimshike, na hapo tunaanza kuongeza. Anayekoroma mpaka pumzi inakatika, mwenye pumu, anayemeza dawa za sukari au za kupunguza kuganda kwa damu, semeni mapema. Hata miraa sema. Hatupigi simu polisi.

Chakula ni saa sita hadi nane kabla, na chai ya maziwa ni chakula! Sijui ni wangapi nimerudisha nyumbani kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Na msindikizaji ni mtu wa kukaa na wewe mpaka nyumbani. Kuna mmoja alituletea mwendesha boda, akasema huyu ndiye ndugu yangu. Boda mwenyewe alikuwa hajui jina lake.

Dereva, hiyo omeprazo bado unameza? Wakitaka kumtafuta bakteria wa vidonda, kwa kawaida unaiacha wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna na unaye. Piga simu uulize.

Kijana wa Chiromo
Tuko darasani tumecheka. Mwaka 1868 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alipotaka kuchungulia tumbo la mtu aliye hai alitumia bomba la chuma lililonyooka, na aliyekubali kulimeza alikuwa mtu wa maonyesho ya kumeza panga. Hili la leo linajipinda, Dereva. Shukuru.

Binti wa Pipeline
Mimi nilichagua sindano na nikalipa kabisa. Kaka yangu wa kunichukua akanaswa na jamu Mombasa Road, na pale hospitalini (siitaji) wakasema bila mtu hakuna sindano. Hiyo naielewa. Nisichoelewa ni kwamba hakuna aliyeniuliza kama nataka kuahirisha. "Tutafanya haraka tu." Bomba lilipofika kooni nililishika kwa mkono. Nasikia "tulia, tulia", kama wanaongea na mbuzi. Ikabidi walitoe. Pesa ya sindano hawajarudisha mpaka leo.

Baada ya wiki tatu nilienda kwingine, dada yangu akakaa nje akiningoja, nikadungwa, sikumbuki chochote. Ukienda bila, patana na daktari kabla hujalala: ukiinua mkono, anasimama. Mkono wenyewe huenda usiuinue, lakini unajua uko. Na uliza bima inalipia kamera peke yake au pamoja na sindano. Kwangu zilikuwa bili mbili.

Mzee wa Mwea
Wanangu, mimi kichocho nilikipata utotoni kwenye mifereji ya mpunga. Kikaliharibu ini polepole, na nilipokuwa mtu mzima mishipa ya umio ikavimba nikatapika damu. Tangu hapo nimepigwa kamera mara nyingi kuliko nilivyopigwa picha.

Mimi huuliza jambo moja: mnaingia kuchungulia au kufanya kazi? Wakija kufunga ile mishipa kwa vimpira, nataka sindano, maana bomba linaingia, linatoka, linavalishwa kofia mbele, linaingia tena. Wakija kuchungulia tu, sindano nakataa. Daktari alinieleza kwamba ini lililochoka halisafishi dawa hiyo haraka. Mara ya kwanza ilinivuruga siku mbili, nikawa nawaita wajukuu kwa majina ya ndugu zangu waliokufa. Watoto walilia. Kukohoa dakika tano ni afadhali.

Dereva wa Kawangware
Mzee asante sana, na Sista pia. Nimepiga simu, kweli wamenitaka niache omeprazo, na siku imesogezwa wiki mbili mbele. Kiungulia kitanimaliza kabla ya kamera.

Dereva wa Kawangware
Nimerudi, nimemeza. Bila. Nilimwambia daktari kuhusu mswaki, hakucheka, akanipulizia ganzi mara ya pili na tukapatana ishara ya mkono. Niliinua mara moja, lilipopita kooni. Akasimama kweli, akaniacha nipumue, akaniuliza kwa macho, nikashusha mkono. Mama Mitumba, mate niliyaacha yaende yanakotaka.

Baadaye nikaona tumbo langu kwenye skrini, jekundu na linang'aa kama ndani ya shavu. Walipokata kipande cha kupima sikuhisi kitu. Kuna kidonda mwanzoni mwa utumbo, na bakteria yuko. Nimepewa dawa mbili za kuua bakteria pamoja na ileile omeprazo, siku 14, na mdomo una ladha ya sarafu.

Lakini niseme yote. Nilitoka pale nikaingia kwenye gari, nikawasha, mikono ikawa inatetemeka. Nikazima. Nikalala kwenye kiti mpaka saa tisa, halafu nikaendesha polepole mpaka nyumbani. Abiria hata mmoja sikubeba siku hiyo.

Shemeji Mkarimu
Kwa hivyo siku ulipoteza, na kila kitu ulihisi.

Dereva wa Kawangware
Ndiyo. Lakini shemeji zangu hawakupata kitu.