Ushauri: Unguja niende Aprili au Julai?

MtotoWaChamwino: Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, nataka kwenda Unguja siku 4, watu wawili. SGR mpaka Dar, halafu boti. Wengine wananiambia Aprili bei zinashuka, wengine ningoje Julai. Sijawahi kufika, na hela nimeikusanya mwaka mzima. Nisaidieni nisikosee.

Pweza_Mkavu: Aprili ni masika, ndugu. Mwisho wa Machi hadi Mei mvua ya kule si kama hii yetu. Kuna hoteli za pwani ya mashariki zinafunga kabisa. Bei haishuki bure.

MzeeWaZabibu: Watu mnakimbilia bahari wakati zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Mimi mama watoto nilimpeleka Hombolo tu, mpaka leo anaikumbuka siku ile.

BintiKizota: Huyo wa pili ni nani? Kama ni mchepuko nenda Aprili, hakuna atakayekuona 😂

MtotoWaChamwino: Hapana dada. Ni mtu wa nyumbani tu.

BintiKizota: Mtu wa nyumbani ana jina. Sema tukushauri vizuri.

MtotoWaChamwino: Ni mama. Ana miaka 67, hajawahi kuona bahari. Ana presha ya macho. La kushoto limeshazima, la kulia linaona mbele tu, pembeni giza. Julai naiona mbali. Na chumba cha Aprili nimeshalipa nusu, Jambiani.

Pweza_Mkavu: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo.

Mkongwa: Pole sana. Bibi yangu alikuwa na trakoma, kope zikageukia ndani, tukachelewa. Mpeleke hospitali kwanza, bahari baadaye.

MtotoWaChamwino: Anahudhuria kliniki. Wamesema kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki.

KaskaziNjema: Nimeishi Unguja miaka 6. Mtu anayekwenda kuiona bahari hapelekwi masika. Wingu limetanda, maji ya kijivu, atarudi ameona mvua. Julai jua lipo, ila kusi inavuma, boti inarushwa, na huyo ni mama mtu mzima. Januari hadi katikati ya Februari ndiyo kaskazi: bahari imelala, rangi zote unaziona, Dar hadi Unguja mwendo wa kama saa mbili. Angalia tu Ramadhani, kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11. Mchana migahawa mingi ya mjini inafungwa.

MtotoWaChamwino: Januari ni palizi. Ana ekari 3 za uwele na mtama, haondoki hata umbebe. Aprili ndiyo ana nafasi.

Nyerere_Rd: Hapo umejikamata mwenyewe. Mtoto wa Chamwino gani asiyejua Aprili uwele unaamiwa ndege? Mama gani anaacha shamba kwa kweleakwelea? Hadithi ya kutunga hii, kesho tutaombwa mchango.

MzeeWaZabibu: Hata mimi nimeshtuka hapo.

MtotoWaChamwino: Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Kuamia wanaamia watoto wa dada yangu. Palizi mama hamwachii mtu, anasema vibarua wanang'oa uwele na kuacha magugu. Matone anatiwa asubuhi na jioni, na jioni nikiwepo namtia mimi. Kama natunga, basi natunga hata hayo.

BintiKizota: Nyerere_Rd, muache. Kaka, mwulize mama ni kibarua gani anamwamini. Hakosi mmoja. Hela uliyookoa kwa bei ya Aprili mlipe huyo.

MtotoWaChamwino: Nimerudi. Nimeongea na mama. Anamtaka jirani yetu mmoja, mama mwenzake, ndiye asimamie palizi ya pili. Mwenye chumba amekubali kusogeza hadi mwisho wa Januari, nimeongeza hela kidogo. KaskaziNjema, asante sana. Jambiani maji yakoje?

KaskaziNjema: Yanakupwa mbali mno, hasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mtaona kina mama na mwani wao, bahari yenyewe mstari tu kule mwisho. Kwa jicho la mama ningekwenda Nungwi au Kendwa, kule maji hayaendi mbali.

MtotoWaChamwino: Jambiani nimeshalipa. Nitauangalia mwezi, nimtoe nje maji yakiwa yanajaa.