Nataka kuanzisha kodingi darasa la nne: nianze na Scratch au Python? Naomba ushauri

FundiChaki: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hisabati, darasa la nne, shule ya msingi ya serikali huku mkoani. Nataka kuwaanzishia watoto kodingi, yaani kuiandikia kompyuta amri za kufuata, maana wenzao wa shule za kulipia wameshatangulia. Swali langu ni moja tu: kati ya lugha za kodingi, nianze na Scratch au niende moja kwa moja Python? Nina haraka kidogo, Jumatatu si mbali. Matusi hapana.

Ngosha Mtandao: Nakaa siti ya mbele. Wataalamu wanakuja.

Mama Wawili: Hongera mwalimu, ila wafundishe kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu. Wangu wa darasa la tatu nimemtuma dukani na elfu mbili, karudi na chenji pungufu na pipi mdomoni. Namuuliza hesabu, anaangalia dari. Halafu baba yake anasema mtoto ana akili za biashara. Wanaume hawa jamani.

Kobe Mzee: Scratch. Kwenye Python mtoto atakwama kwenye kuandika tu: akikosea nafasi mwanzo wa mstari programu inagoma, na maelezo ya kosa yanakuja kwa Kiingereza. Scratch anaburuta vipande vya amri na kuvipachika. Ilitoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007, imelengwa watoto wa miaka 8 hadi 16, Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Sasa niambie, watoto wangapi na kompyuta ngapi?

FundiChaki: Shukrani mkuu. Vifaa si tatizo, tujikite kwenye swali.

Mzee wa Chabo: Umeulizwa idadi unajibu "si tatizo". Unataka kugombea jimbo?

FundiChaki: Watoto 84. Kompyuta zinakuja.

Kobe Mzee: Zinakuja kutoka wapi?

Mwalimu Jirani: Nawasalimu kutoka Kenya. Hilo neno "zinakuja" tumelisikia sana huku. Serikali ilianza kuleta tableti za darasa la kwanza mwaka 2016. Kwetu zilifungiwa kwenye stoo yenye milango ya vyuma, ufunguo akawa nao mwalimu mmoja, akahamishwa. Zilipofunguliwa betri zilikuwa zimekufa. Mwaka 2022 KICD, taasisi yetu ya mitaala, ikaidhinisha silabasi ya kodingi, tukashangilia tena. Silabasi imo kabatini kwangu, safi kabisa.

Ngosha Mtandao: Mleta mada amekimbia?

FundiChaki: Sijakimbia, nilikuwa nasahihisha madaftari. Haya, niseme. Wazazi wamechanga elfu kumi kumi. Si wote, kama nusu hivi. Nimeshampa fundi mmoja mjini kianzio cha kompyuta sita zilizotumika. Aliahidi jana, leo simu inaita haipokelewi. Jumatatu afisa elimu kata anakuja na wazazi wanajua ndiyo siku ya uzinduzi. Lakini swali langu bado ni Scratch au Python.

Mzee wa Chabo: Hahaha! Somo la kwanza la kodingi: KAMA fundi hapokei simu, BASI kimbia. VINGINEVYO, kimbia polepole.

Wakili wa Kijiwe: Mwalimu, risiti ulitoa? Kamati ya shule ilikaa? Mwalimu mkuu anajua? Toka elimu bila ada ianze 2016, mchango usio na kibali ndiyo njia ya mkato ya kupoteza kazi. Utaitwa na TAKUKURU huku umeshika kitabu cha Scratch.

FundiChaki: Mwalimu mkuu anajua kwa mdomo. Wazazi wenyewe walikubali kwenye kikao, majina nimeyaandika daftarini na hakuna aliyelazimishwa. Mbona shule za kulipia wanatoza hela ya robotiki kila muhula na mnawapigia makofi? Mwalimu wa serikali akithubutu, eti kibali. Nikisubiri kibali hawa watoto watamaliza shule.

Wakili wa Kijiwe: "Kwa mdomo." Nimemaliza.

Mama Wawili: Mimi kwetu tulichangishwa hela ya madawati, madawati yenyewe tukayaona kwenye ukumbi wa harusi.

Kobe Mzee: Jamani mwacheni kidogo. FundiChaki, hata sita zikija ni watoto 14 kwa kompyuta moja: mmoja anashika kipanya, 13 wanapigana viwiko. Anza bila kompyuta. Chora sakafuni miraba mitano kwa mitano kwa chaki, weka ndoo kwenye mraba mmoja. Mtoto mmoja ni roboti. Wenzake wanapanga vipande vya boksi vilivyoandikwa MBELE, GEUKA KUSHOTO, GEUKA KULIA, halafu anavitekeleza kimoja kimoja bila kufikiri. Watakosa kushoto, kwa sababu roboti akiwageukia, kushoto kwake si kwao. Hapo ndipo somo lilipo: warudi kwenye vipande watafute kilichokosewa, usiwaambie wewe. Wakizoea waletee kipande cha RUDIA MARA 3. Lugha ya Logo ya mwaka 1967 ilikuja kuwafundisha watoto namna hiyohiyo, kwa kobe anayechora njia anayopita. Kuna pia kadi za nukta 16, 8, 4, 2 na 1 za Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand: watoto watano wamesimama mstari, kila mmoja na kadi yake, waambie watengeneze jumla ya 21 kwa kufunika na kufunua. Hesabu za darasa la nne kabisa.

Mpelelezi wa Bara: Wakuu, mmenogewa. Akaunti imefunguliwa wiki hii, uzi mmoja tu, mara "fundi mjini", mara "kompyuta sita zilizotumika". Kesho inakuja akaunti nyingine na namba ya huyo fundi. Hii ni chai, stori ya kutunga, tena ya biashara.

Ngosha Mtandao: Aisee! Na mwalimu gani wa serikali anaandika aya zimenyooka hivi?

Mama Wawili: Sasa mimi nimeeleza mambo ya mume wangu kwenye tangazo?

FundiChaki: Ningekuwa muuzaji ningesema fundi hapokei simu? Jioni hii nimejaribu ile ya miraba na watoto wa mtaani kwangu. Roboti katembea MBELE mpaka kwenye banda la kuku kwa sababu hakuna aliyempangia kusimama, mlango ukaachia, kuku wakatoka na mwenye kuku akatoka. Watoto wakabishana nani kaweka kipande cha mwisho. Hilo nalo nimelitunga?

Mpelelezi wa Bara: Chai imetiwa tangawizi.

Kobe Mzee: Kwangu hata kama katunga, mchezo ndio huo. FundiChaki, hizo kompyuta zina Windows gani? Scratch ya sasa inataka 10 kwenda juu.

FundiChaki: Fundi alisema 7. Kwani inakataa?

Kobe Mzee: Inakataa. Tafuta Scratch ya zamani, toleo la 1.4. Na kianzio usiongeze hata mia kabla hujaziwasha mwenyewe.

Ngosha Mtandao: Samahani wakuu, sita kwa bei gani lakini? Nauliza tu.