Liki za kudumu nyumbani: nikate au ning'oe?

KitaluNjoro:
Habari wakulima wenzangu. Nina kitalu cha liki (mboga ya jamii ya kitunguu) cha mita 1 kwa 4, kina miezi minane. Nataka zidumu hapo bila kununua mbegu kila msimu. Nilizokata zinachipua, ila tatu zimetoa bua la maua na katikati ni ngumu kama mti. Nizing'oe? Na hii kutu ya rangi ya chungwa kwenye majani inaletwa na nini?

ShambaBahati:
Usizing'oe hata kidogo, hizo tatu ndizo mbegu yako. Liki ya kawaida ya agroveti huishi miaka miwili: hunenepa, huchanua, hufa. Iko aina ya kudumu yenyewe, inayozaa vitunguu vidogo kitakoni kila mwaka, lakini hata hii ya kawaida inaweza kulazimishwa. Vunja bua mapema, kabla kichwa cha maua hakijapasuka. Mmea ukikosa kuchanua, chakula hurudi chini na kuunda vitunguu vidogo vyeupe kuzunguka mizizi. Subiri majani yakauke, chimbua kwa uma, vitenganishe, uvipande kina cha sentimita 5, nafasi sentimita 15, mstari hadi mstari 30.

Kinacholeta maua ni baridi. Usiku wa Njoro katikati ya mwaka unatosha kuichanuisha liki iliyokwisha kunenepa. Miche michanga kwa kawaida huponea.

Kwenye kukata, wengi huharibu hapa: kisu kinaingia chini mno. Kichipukizi cha liki kimekaa juu kidogo tu ya mizizi, ukikigusa kisiki kinaoza. Acha sentimita 3 juu ya ardhi, kata mshazari maji yasituame, kisha weka samadi iliyooza vizuri, kama debe moja kwa mita 2 za mraba. Yanayochipua huwa membamba. Ukitaka sehemu nyeupe ndefu, palilia kwa kuinulia udongo kidogo kidogo, usifunike pale majani yanapoachania, mchanga utaingia ndani na hautoki hata ukiosha mara tatu.

ZiwaniKisumu:
Ndugu yetu wa Njoro ana bahati ya hali ya hewa. Huku chini, joto huifanya liki iwe nyembamba, na thiripi, wale wadudu wadogo sana, huimaliza: ukiona michirizi ya rangi ya fedha, fungua maungio ya majani, wamejificha humo. Wamwagie maji kwa nguvu asubuhi, na usiache udongo ukauke, wanapenda ukavu. Tandaza nyasi kavu, tafuta kivuli cha alasiri. Kwa udongo mweusi wa Kano, karibu na Kisumu, inua tuta sentimita 25, la sivyo mizizi inazama majini.

KitaluNjoro:
Asanteni sana. Na kutu je?

ShambaBahati:
Ni ukungu. Hushika zaidi liki zilizosongamana na zilizolishwa samadi au mbolea ya yurea kupita kiasi, kwa sababu majani huwa laini. Ondoa majani yenye madoa, choma au zika mbali. Shida ya kitalu cha kudumu ni kwamba ukungu huu huishi kwenye majani mabichi, na kwako majani mabichi yapo mwaka mzima. Kwa hiyo usirudishe vile vitunguu vidogo palepale. Vipeleke kitalu kingine kisichokuwa na kitunguu wala saumu miaka mitatu au minne, kisha ung'oe cha zamani chote.

MicheMolo:
Naongeza moja, na ni nzito. Kabla ya kupokea vitunguu vya kupanda kutoka kwa jirani, vigeuze uangalie kitako. Ukiona utando mweupe kama pamba wenye chembe nyeusi ndogo, usivipande kabisa. Huo ni uozo mweupe, na chembe zake hukaa udongoni hata miaka 20. Huhama pia na udongo ulioganda kwenye jembe na gambuti, kwa hiyo osha vyote kabla ya kuingia kitaluni.