Wakuu, nimepata Cessna 172 ya mwaka 1975 inauzwa, imekaa chini miaka minne. Ninunue au nikimbie?

Mzee wa Kisongo

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa watu wanaojua hii kitu kiukweli, siyo wale wa kuniambia nunua Prado mbili. Mimi nipo Arusha, leseni ya urubani binafsi nilipata mwaka juzi, nina masaa 94 mpaka sasa na yote nimeruka kwa ndege ya kukodi, na kukodi kwenyewe mara nyingi ukitaka ndege wikiendi imeshachukuliwa na mwanafunzi au ipo kwenye matengenezo. Sasa kuna mzee mmoja huko pwani anauza 172M ya 1975, ile ndege ndogo ya viti vinne, bei aliyonitajia ni ndogo mpaka nimeogopa, anasema injini ina masaa 900 tu tangu ifanyiwe ovaholi (kufunguliwa yote na kufanywa upya) na kwamba "ni kuosha na kuruka". Tatizo imekaa miaka minne haijaruka, imeegeshwa nje, juani na mvuani.

Lengo langu siyo biashara. Mama yangu yupo Tanga, ana miaka 81, kwa gari ni siku nzima barabarani na mgongo wangu haukubali tena, kwa ndege nimepiga hesabu ni kama saa moja na dakika arobaini upepo ukiwa vizuri. Nataka niwe naenda mara mbili kwa mwezi na mke wangu na watoto wawili. Maswali yangu: (1) hiyo ndege inafaa? (2) gharama za kumiliki zikoje? (3) rubani wa masaa kama yangu ajihadhari na nini zaidi kwenye hiyo njia? Natanguliza shukrani.

Fundi Spana

Mkuu shikamoo kama umenizidi. Mimi ni fundi wa ndege ndogo mwaka wa 19 huu, ngoja nikujibu hilo la kwanza kwa urefu maana ndilo linaloumiza watu.

Injini haichoki kwa kuruka tu, inakufa zaidi kwa kukaa. Hiyo 172M ina Lycoming O-320, na kwenye hizi injini kemshafti, ile shafti yenye meno inayofungua vali, ipo juu ya kreki, siyo chini, kwa hiyo ndege ikikaa oili yote inashuka kwenye sampu, bakuli la oili huko chini, na kemshafti inabaki kavu. Weka hapo hewa ya chumvi ya pwani kwa miaka minne. Kutu inaanza kama vidoa vidogo hata kwa macho huvioni vizuri, siku ukiiwasha vile vidoa vinakuwa kama msasa, vinakula tapeti (vile vyuma vinavyosukumwa na kemshafti), vyuma vinaanza kutembea kwenye oili, na wewe upo juu ya Korogwe na familia. Halafu huyo mzee anakwambia masaa 900 lakini hajakwambia ni miaka mingapi. Mtengenezaji anapendekeza ovaholi kwa masaa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. Kama ovaholi ilifanyika 2008 basi hiyo ni injini iliyopitwa na muda, hata kama masaa ni machache. Ombeni logibuku zote, yaani vitabu vya kumbukumbu za matengenezo, ya bodi, ya injini na ya propela, kurasa zote, na ukiona kurasa imechanwa au miaka mitatu haina hata mstari, uliza.

Mwaka jana niliitwa kuangalia moja kama hiyo, nje inang'aa, rangi mpya. Nilitoa silinda moja tu nikapiga tochi ndani, zile meno za kemshafti zimekuwa kama ganda la embe lililooza, unapitisha kucha inakwama. Mnunuzi alikuwa ameshalipa nusu ya hela. Nilimwonea huruma sana.

Vingine usivyosahau: vifuniko vya tenki vya Cessna za miaka hiyo vinaingiza maji ya mvua, kwa hiyo tenki lililokaa nje miaka minne lina maji na pengine kutu, siyo kumwaga kikombe kimoja na kusema safi. Mdomo wa pitoti, ule mrija wa kupimia spidi, nyigu wa udongo wanapenda kujenga humo, ukiruka spidi inasoma sifuri. Panya kwenye mkia. Nyaya za usukani. Na kitu kimoja watu wanadharau, reli za viti. Pini ya kiti na matundu ya reli vikilika, siku ya kuruka unaipa injini nguvu zote ndege inakimbia pua inaenda juu na kiti kinateleza nyuma na wewe umeshika usukani, yaani unauvuta bila kupenda. Watu wamekufa hivyo, ndiyo maana mamlaka ya anga ya Marekani ililazimisha ukaguzi wa hizo reli tangu miaka ya themanini. Kila ukikaa, tikisa kiti kwa nguvu mbele na nyuma mpaka usikie pini imeingia.

Dada wa Wilson

Kaka, fundi amesema yote ya injini mimi sina la kuongeza, mi narukia uwanja wa Wilson hapa Nairobi, niko na share kwa 172 pia, tuko watu wanne. Nakujibu hiyo ya tatu kwa upande wa joto na urefu wa kiwanja kwa sababu nyinyi wa Arusha na sisi tuna shida moja.

Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari. Arusha yenu ni kama 4,550. Sasa ukitoka hapo Arusha saa nane mchana joto likiwa 28, ile hewa injini inavuta ni nyepesi kama uko futi elfu saba na mia mbili hivi, na propela pia inapiga hewa nyepesi, na mabawa pia. Kila kitu kinapungua kwa pamoja. Ile injini ya farasi 150 uliyolipia haiko hapo, umebakiwa na kama robo tatu.

Nilijifunza hii vibaya. Nilikuwa nimebeba wageni wawili wakubwa wa mwili, tenki zimejaa mpaka juu, saa nane na nusu, Februari. Niliinua gurudumu na ndege ikakubali, nikafurahi, halafu nikaangalia kile kipimo cha kupanda kinasoma futi 150 kwa dakika, mara 100, na hills za Ngong ziko pale mbele zinakua badala ya kushuka. Nilitamani kuvuta usukani na nilijua nikivuta spidi inaisha. Nikashusha pua kidogo, nikageuka polepole sana kuelekea chini kwenye mbuga, nikaacha injini ipate pumzi. Mgeni wa mbele alikuwa anapiga picha, hakujua chochote. Mimi jasho lilinitoka mpaka kwa viatu.

Kosa langu lilikuwa hesabu. 172M uzito wake wa mwisho ni kilo 1,043. Ondoa ndege yenyewe na redio zake kama 650, ondoa mafuta ya tenki kamili kama 115, unabaki na kama 280 ya watu na mizigo, na hiyo ni ya kitabu, siyo ya Wilson saa nane mchana. Ina viti vinne lakini haibebi watu wazima wanne na tenki kamili. Wewe na wife na watoto wawili mko sawa, lakini pima kwa mizani, hata begi, hata ile gunia la viazi unapelekea mama. Toka asubuhi kabla ya saa tatu. Na kabla ya kuachia breki punguza ule mkono mwekundu wa mafuta mpaka injini iimbe vizuri, kwa sababu kwa urefu huo ukiacha mafuta yote yaingie injini inazama kwa petroli na unapoteza nguvu uliyobaki nayo. Wengi wamefundishwa kwa usawa wa bahari na hawaguzi huo mkono.

Na Meru huwezi kuuvuka kwa juu, mlima unakaribia futi elfu kumi na tano na hiyo ndege inaishia futi elfu kumi na tatu na kitu ikiwa mpya. Zunguka, na ukae mbali upande ule upepo unaporomokea.

Hesabu za Hanga

Hapo kwenye gharama ngoja niweke kidogo. Mafuta ya 172 ni kama lita 35 kwa saa. Inatumia avgasi, petroli maalumu ya ndege ndogo, siyo petroli ya sheli, haipatikani kila kiwanja, kwa hiyo kabla hujaenda Tanga uliza kwanza kama yapo, usiulize ukishafika. Na kama ni ya pipa chuja, angalia rangi, avgasi ni bluu hafifu, ukiona haina rangi au ina umanjano hiyo ni Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, ukiiweka injini ya pistoni itazima ukishapaa.

Halafu kuna hela zinazokula hata ndege ikilala: bima, maegesho, ukaguzi wa kila mwaka, cheti cha kuruka cha mamlaka. Na kuna ile watu hawaihesabu, akiba ya injini. Tuseme ovaholi ni dola 40,000, gawa kwa masaa 2,000, kila saa unayoruka unadaiwa dola 20 hata kama hakuna anayekudai leo. Iweke pembeni akaunti yake peke yake. Ukiruka masaa 50 kwa mwaka peke yako kila saa inakuwa ghali mno, ndiyo maana dada hapo juu wapo wanne. Na ndege ya watu wanne inaruka kila wiki, injini haikai ikashika kutu kama alivyosema fundi. Ila andikeni makubaliano kwa mwanasheria, nani analipa gurudumu likipasuka mikononi mwake, anayetaka kutoka anauza vipi. Urafiki peke yake hautoshi, nimeona hanga moja ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya betri.

Babu Mawingu

Mwanangu, mimi nimeacha kuruka sasa macho yamegoma, lakini hiyo njia ya Arusha Tanga nimeipita zaidi ya mara mia. Injini watu wanaiogopa sana na ni sawa, ila kwa rubani mwenye masaa 94 mimi naogopa zaidi mawingu.

Hiyo njia unashuka na Upare mkono wa kushoto, halafu Usambara. Asubuhi ukitoka Kisongo, kiwanja cha Arusha, kweupe kabisa, ukifika Same bado kweupe, ukikaribia Mombo unaanza kuona mawingu yamekalia mlima wa Lushoto na yanashuka mpaka bondeni, hewa ya bahari inapanda mlima inapoa inageuka wingu, ndivyo ilivyo karibu mwaka mzima. Na hapo ndipo moyo unakwambia pita chini kidogo tu, Tanga haipo mbali, mama ameshapika. Unashuka futi 500. Wingu linashuka nawe. Kushoto mlima, juu wingu, chini miti.

Mwaka 1954 chuo kikuu cha Illinois huko Marekani walichukua marubani 20 wasiojua kuruka kwa kutazama vipimo tu wakawaingiza kwenye wingu la kuigiza. Wote 20 walipoteza ndege. Wastani sekunde 178. Dakika tatu hazifiki. Sikio linakudanganya, unahisi upo sawa kumbe umelala ubavu unazunguka. Mtoto wa Rais Kennedy alianguka na kufa hivyo Julai 1999, alikuwa na masaa kama 300, zaidi yako mara tatu, usiku, ukungu juu ya bahari, na ndege nzima haikuwa na tatizo.

Mimi siku moja niligeuza pale Mombo. Niligeuka nikiwa bado naona reli ya treni chini, hilo ndilo la muhimu, geuka ukiwa bado unaona. Nikarudi nikatua Moshi, nikalala gesti, kesho yake nikapanda basi. Niliwakosa watu waliokuwa wananisubiri na walininunia. Kwa hiyo mwambie mama mapema kabisa kwamba unakuja Jumamosi au Jumapili au usije, asikupikie kwa saa. Na kurudi usikubali kuondoka Tanga baada ya saa nane, jua la huku likizama saa kumi na mbili na nusu giza linaanguka mara moja.

Jingine, ukishuka kuingia Tanga unapunguza injini, hewa ina unyevu, kabureta inashika barafu ndani hata kama nje unatoka jasho. Utaona mzunguko wa injini unapungua polepole bila kugusa kitu. Vuta joto la kabureta lote. Injini itakohoa, itatetemeka, maji yanapita, usiogope na usirudishe, subiri itashika tena.

Mzee wa Kisongo

Asanteni sana wakuu, kwa kweli nimesoma mara mbili na mke wangu pia nimemsomea hiyo ya mawingu. Babu shikamoo, nimempigia mama leo hii nikamwambia hilo la Jumamosi au Jumapili, amesema hata Jumatatu yeye yupo. Hesabu za Hanga, kuna jamaa wawili wa hapa wametaka kuingia, tunaongea. Fundi Spana, nakuomba, unaweza kusafiri ukaiangalie kabla sijatoa hata shilingi? Nauli na malazi juu yangu. Yule mzee amenipigia jioni hii anasema kesho anachaji betri aiwashe anirekodie video nisikie inavyonguruma.

Fundi Spana

Mpigie sasa hivi asiiwashe. Asizungushe hata propela kwa mkono. Nikiikuta kavu kama ilivyokaa, nitatoa silinda moja nikuambie ukweli, akishaiwasha kile kidoa kinageuka kuwa jeraha na hakuna wa kujua kilikuwa cha lini. Mimi nipo huru kuanzia Jumatano, nitumie namba ya mzee kwa pm.