Naomba ushauri: diski ya bakapu kando ya RAID 1, ikae ndani au nje?

Habari zenu wadau. Nina studio ndogo ya video za harusi hapa Kondele, Kisumu. Kazi zote ziko kwenye kompyuta ya Linux yenye diski mbili za TB 4, RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine. Najua RAID si bakapu: faili ikifutwa, imefutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Ndiyo maana nimenunua diski ya tatu, TB 8, isimame peke yake.

Kwa sasa nimeifunga ndani ya kasha lilelile, na rsync, programu ya kunakili faili, inanakili kila usiku. Inafanya kazi, ila roho haijatulia. Radi za huku mnazijua, na stima ikirudi baada ya kupotea huja kwa kishindo. UPS (betri ya akiba) ninayo, lakini pawa saplai ikiungua vibaya, si itaondoka na diski zote tatu? Nilijaribu kuichomeka kwa USB, lakini kijana wa studio husahau, na bakapu isiyofanyika ni pambo tu la mezani.

Je, niiache ndani kisha nitafute nyingine ya kupeleka nyumbani kila wiki, au hii moja inatosha nikiwa naichomoa?

La pili: rsync nikiitumia na --delete (ifute kwenye bakapu kile kilichofutwa kwenye kompyuta), faili iliyofutwa kimakosa itatoweka kwenye bakapu usiku huohuo. Nimesoma kuhusu --link-dest ya rsync hiyohiyo, kwamba kila usiku unaweza kuwa na folda yake ya bakapu, ila faili ambayo haijabadilika hainakiliwi upya. Aliyeitumia kwa video kubwa anieleze, nafasi inaishaje?